Wana Wanne na Damu ya Baba: Mwongozo Kamili wa Kusoma na Kuigiza Kisasi katika Hamlet

Watu wengi huingia kwenye Hamlet, tamthilia ya Shakespeare kuhusu mwana wa mfalme wa Denmaki, na swali moja: kwa nini kijana huyu anachelewa kumuua muuaji wa baba yake? Swali si baya, ila linamsimamisha Hamlet peke yake jukwaani, na Shakespeare hakumwandikia upweke huo. Alimzungushia vijana wengine watatu, kila mmoja ameuliwa baba, na kila mmoja akashika njia yake. Ukiwafuata wote wanne kwa pamoja, utafika mahali uone kwamba Hamlet si mdai wa damu tu. Katikati ya mchezo anageuka kuwa mdaiwa, na kuanzia hapo tanzia nzima inabadilika uzito.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu anayeisomesha tamthilia hii, kwa kikundi cha sanaa kinachotaka kuiigiza, na kwa msomaji aliye peke yake na kitabu chake. Hatua nyingine ni fupi, nyingine zitakuchukua jioni nzima.

Hatua ya 1: Tafuta matini isiyokatwa

Tamthilia hii iliandikwa karibu na mwaka 1600, ikachapishwa kwa sura tatu zinazotofautiana: kitabu kifupi cha 1603, kirefu zaidi cha 1604 hadi 1605, na kile kilichomo katika mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare uliotoka 1623, miaka saba baada ya kufariki kwake. Wachapishaji wengi wa leo huunganisha la pili na la tatu.

Kipimo cha haraka ni hiki. Fungua Tendo la 4, Onyesho la 4. Ukimkuta Fortinbras, mwana wa mfalme wa Norwe aliyeuawa, akipita na jeshi, kisha Hamlet akizungumza na kapteni wake na kubaki peke yake akijisuta kwa maneno mengi, umepata matini inayokufaa. Ukikuta Fortinbras anasema mistari michache tu na onyesho linaisha, hiyo ni matini inayofuata toleo la 1623, ambamo majisuto yale hayamo. Tafuta nyingine, kwa sababu bila kipande hicho mwana mmoja kati ya wanne anakuwa kivuli tu.

Jihadhari pia na filamu. Filamu ya Laurence Olivier ya mwaka 1948 ilimwondoa Fortinbras kabisa, na mtu aliyeanza na hiyo anaweza kudhani mambo yote ni ya nyumba moja ya Denmaki. Ukitaka kuzoesha sikio lako namna wahusika wa Shakespeare wanavyoongea kwa lugha yetu, soma kwanza kurasa kadhaa za Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Mistari ya Hamlet ninayoinukuu hapa nimeitafsiri mwenyewe.

Hatua ya 2: Wapange baba kabla ya wana

Chukua karatasi kubwa, uibandike ukutani, uandike majina ya marehemu wanne. Usianze na wana. Vifo vya hawa wazee havifanani hata kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mwana ana dai au hana.

Wa kwanza ni Fortinbras mzee, mfalme wa Norwe. Aliuawa na baba yake Hamlet katika pigano la wawili, upanga kwa upanga, chini ya mkataba uliotiwa muhuri: atakayeshindwa anapoteza uhai na ardhi aliyoiweka rehani. Mchimba kaburi katika Tendo la 5 anasema siku hiyo ndiyo aliyozaliwa Hamlet, na ameifanya kazi yake tangu siku hiyo, miaka 30. Kwa hiyo kifo hiki ni cha zamani, ni cha hadharani, na kwa sheria za watu wale ni halali.

Wa pili ni mfalme Hamlet, baba wa Hamlet wetu, wenye jina moja. Ndugu yake Claudius alimmiminia sumu sikioni akiwa amelala bustanini. Nchi nzima imeambiwa aliumwa na nyoka. Shahidi pekee wa mauaji ni marehemu.

Wa tatu ni Polonius, mshauri wa mfalme, baba wa Laertes na Ophelia. Hamlet kijana alimchoma upanga nyuma ya pazia akidhani ni Claudius, ambaye sasa ndiye mfalme.

Wa nne hayumo katika ukoo wowote wa mchezo huu. Ni Achilles, shujaa wa Wagiriki, aliyeuawa na Paris katika vita vya Troya. Mwanawe Pyrrhus anatajwa katika kisa anachokisimulia mwigizaji mbele ya Hamlet, na katika kisa hicho anamwua mzee Priam, baba yake Paris. Simulizi yenyewe haitaji kwamba Pyrrhus anamlipizia baba yake. Watazamaji wa London waliosoma Kilatini shuleni walikijua kisa, lakini kikundi chako huenda hakikijui, kwa hiyo waambie mapema.

Sasa chora safu mbele ya kila jina: nani alimwua, kwa njia gani, mwana alikuwa wapi, nani alimletea mwana habari, jambo la kwanza alilolifanya mwana, na mwisho wake. Mjaze safu hizo mnavyosoma, si zote kwa mkupuo. Safu ya nani aliyeleta habari huonekana ndogo, na watu huiruka. Msiiruke. Tutairudia kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 3: Usiruke hotuba ya Horatio

Onyesho la kwanza kabisa lina mzuka, usiku wa manane, na walinzi wanaotetemeka. Katikati yake Horatio, rafiki wa Hamlet, anasimama kueleza mambo ya Norwe, na hapo ndipo wasomaji wengi hupinda kurasa. Msome polepole. Marcellus, mmoja wa walinzi, ameuliza swali la mtu wa kawaida: mbona mizinga inaundwa kila siku, na mafundi wa meli hawapumziki hata Jumapili? Jibu ni kwamba Fortinbras kijana amekusanya watu wasio na cha kupoteza ili airudishe ardhi aliyoipoteza baba yake.

Maana yake ni kwamba mwana wa kwanza kutajwa akitafuta haki ya baba yake siye Hamlet. Na tishio lake linatokana na mkono wa yule yule mfalme ambaye mzuka wake unatembea juu ya kuta. Kabla hatujamwonea huruma mzee huyu kwa kuuawa, tumeshaambiwa kwamba yeye mwenyewe alimwacha mtoto wa mwenzake yatima.

Fuatilia uzi huu katika sehemu mbili zaidi. Katika Onyesho la 2 la Tendo la 1, Claudius anawatuma wajumbe kwa mfalme wa sasa wa Norwe, ndugu wa marehemu, mgonjwa wa kitandani asiyejua mpwawe anafanya nini. Angalia ulinganifu: Norwe kama Denmaki, baba amekufa, ami amekaa kitini, mwana yuko pembeni. Katika Onyesho la 2 la Tendo la 2 wajumbe wanarudi. Fortinbras amekemewa, ameapa kutoinyanyulia Denmaki silaha tena, na ami yake kwa furaha amempa posho ya kila mwaka na ruhusa ya kwenda kupigana Polandi. Kisha kuna ombi: jeshi lake lipewe njia kupita Denmaki.

Waulize wenzako hapo: huyu ameacha kisasi, au amepata kibali cha kuingia nchini na jeshi? Msijibu bado. Andikeni swali kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Hesabu amri za mzuka

Watu husema mzuka alimwamuru Hamlet alipize kisasi. Ni kweli, lakini soma Onyesho la 5 la Tendo la 1 na kalamu mkononi, upige mstari chini ya kila amri. Anamwambia alipize mauaji yake. Anamwambia, vyovyote utakavyolifanya jambo hili, usiitie akili yako doa. Na anamwambia asimdhuru mama yake, amwachie mbingu na miiba iliyo kifuani mwake mwenyewe.

Amri tatu, na inabidi zitekelezwe pamoja. Mwue mfalme, ambaye ni ami yako na mume wa mama yako, usiku na mchana mnaishi nyumba moja, na utoke hapo akili yako ikiwa safi. Mimi naamini sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kuchelewa imo humu. Laertes hatapewa sharti lolote la namna hii, wala Fortinbras, wala Pyrrhus.

Kuna na shaka ya pili. Mzuka anasema anateketezwa kwa moto mchana hadi dhambi zake zisafike. Hayo ni mafundisho ya Kanisa Katoliki kuhusu toharani, na Hamlet ni mwanafunzi wa Wittenberg, mji wa Martin Luther, ambako mafundisho hayo yalipingwa. Mwishoni mwa Tendo la 2 anasema wazi kwamba aliyemwona huenda ni shetani aliyevaa sura ya baba yake. Anahitaji ushahidi, ndiyo maana anaandaa mchezo wa kumnasa mfalme, yaani igizo la mauaji kama yale litakalochezwa mbele yake.

Hatua ya 5: Weka panga mbili zilizoinuliwa pamoja

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo itakayobadilisha namna kikundi chako kinavyosoma. Tenga jioni nzima.

Anza na simulizi ya mwigizaji katika Onyesho la 2 la Tendo la 2. Hamlet ndiye anayeiomba, na ndiye anayeianza kwa kumbukumbu. Pyrrhus amejificha ndani ya farasi wa mbao ambaye Wagiriki walimtumia kuingilia Troya, silaha zake nyeusi. Anapotoka ni mwekundu kichwa hadi mguu, amepakwa damu, na maneno yanasema damu ya nani: ya akina baba, akina mama, mabinti na wana. Baba ndio wanaotajwa kwanza. Kijana anayelipa damu ya baba mmoja ameoga damu za baba wengine.

Anamkuta Priam, mzee anayeshindwa hata kuuinua upanga wake. Pyrrhus anainua wake. Hapo mnara wa mji unaporomoka kwa kishindo, na upanga unabaki juu kama umenasa hewani. Pyrrhus anasimama kama jitu la kuchorwa, hafanyi chochote. Mstari wenyewe katika matini ni mfupi kuliko ilivyo kawaida, kwa hiyo mwigizaji hulazimika kunyamaza. Mwache anyamaze. Kisha hasira inarudi, upanga unashuka, na anayebaki akilia ni Hecuba, mke wa mzee, akikimbia pekupeku katikati ya moto.

Sasa ruka hadi Onyesho la 3 la Tendo la 3. Claudius yuko peke yake. Amemaliza kukiri: dhambi yake inanuka hadi mbinguni, ameua ndugu, na hawezi kuomba msamaha akiwa bado anashikilia taji, tamaa na malkia. Anapiga magoti. Hamlet anaingia nyuma yake, na maungamo yale hakuyasikia. Anasema, "Sasa naweza kulifanya." Upanga uko juu. Unabaki juu.

Umeona? Ni picha ile ile. Shakespeare ameipaka kwanza kwa maneno, kisha ameileta kwa miili. Mzee aliye chini, kijana aliye juu yake, chuma hewani, kimya. Tofauti ni kwamba upanga wa Pyrrhus unashuka na wa Hamlet unarudi alani.

Lakini usiharakishe kumsifu Hamlet kwa rehema. Sikiliza sababu yake. Baba yake aliuawa ghafla, dhambi zake zote juu yake, bila toba. Akimwua Claudius akiwa katika sala, atampeleka peponi, na huo utakuwa ujira, si kisasi. Atamngoja alewe, akasirike, acheze kamari, ili roho yake iende motoni. Hataki mwili tu, anataka na akhera ya mtu. Kwa maneno, huyu ni mkali kuliko Pyrrhus.

Hamlet akishatoka, Claudius anainuka na kusema maneno yake yamepaa lakini mawazo yake yamebaki chini, na maneno yasiyo na mawazo hayafiki mbinguni. Sala ilikuwa tupu. Muda aliouona Hamlet kuwa mbaya ndio ulikuwa muda wake hasa.

Zoezi: watu wawili wasimame katika umbo la Pyrrhus na Priam wakati mwingine akisoma simulizi. Wasiondoke. Wa tatu aanze kusoma maneno ya Hamlet ya kwenye sala, miili ile ile ikiwa bado palepale. Kikundi kitaona kwa macho kile ambacho maelezo yangu marefu hayawezi kukifikisha.

Hatua ya 6: Weka alama pale Hamlet anapogeuka mdaiwa

Onyesho linalofuata, chumbani kwa malkia Gertrude, mama yake Hamlet, Polonius anapiga kelele nyuma ya pazia na Hamlet anachoma bila kutazama. "Ni mfalme?" anauliza. Si mfalme. Mtu aliyekataa kuua dakika chache zilizopita kwa kuwa alifikiri mno, sasa ameua bila kufikiri.

Weka alama kubwa nyekundu hapa kwenye karatasi yenu. Hadi mstari huu Hamlet ni mwana wa aliyeuawa. Baada yake ni muuaji wa baba wa watu. Laertes na Ophelia wamesimama pale pale aliposimama yeye mwanzoni, na yeye amesimama alipo Claudius. Anasema anatubia kwa ajili ya marehemu, na kwamba mbingu zimemtumia kuwa kiboko. Halafu anaikokota maiti na kuificha. Mwanafunzi wa insha akilishika tukio hili vizuri, ana hoja ya kati ya insha yake nzima.

Hatua ya 7: Jeshi linapita

Sasa rudi kwenye lile onyesho la kupimia matini. Kapteni wa Norwe anamwambia Hamlet kwamba wanakwenda kupigania kipande cha ardhi kisicho na faida isipokuwa jina. Yeye asingekikodi kwa dukati tano, sarafu za zamani. Hamlet anajilinganisha na Fortinbras na kujiona duni: watu elfu ishirini wanaenda makaburini kwa ajili ya sifa, kwenye kiwanja kisichotosha hata kuwazika, nami niliyeuliwa baba nimelala.

Msome mara mbili. Mara ya kwanza mwamini. Mara ya pili msikilize anachokisema kweli: anamsifu mtu kwa kuwapeleka maelfu kufa kwa ajili ya upuuzi, na anajua ni upuuzi. Tena Fortinbras anayemsifu si yule wa mwanzo. Dai la ardhi ya baba ameshaliweka kando, anapigania kitu kingine. Hamlet anamchukua kuwa mfano wa kisasi mtu ambaye kwa sasa halipizi kisasi.

Hatua ya 8: Laertes, na masikio

Laertes ndiye wanayemsubiri wote wanaoudhika na Hamlet. Anasikia baba amekufa, anarudi kutoka Ufaransa kwa siri, anavunja mlango wa ikulu huku umati ukipiga kelele kwamba yeye ndiye awe mfalme. Hana mzuka wa kumhoji wala mchezo wa kumpima mtu. Anasema tone la damu lililotulia mwilini mwake linamtangaza kuwa mwanaharamu. Dhamiri na neema anazitupa shimoni, na kuhusu laana ya milele anasema haimtishi. Hamlet alikuwa amesema dhamiri hutufanya waoga sisi sote. Huyu ameamua kutokuwa nayo.

Rudi kwenye ile safu ya nani aliyeleta habari. Claudius anasema Laertes hakosi watu wa kumnong'oneza, wanaoliambukiza sikio lake kwa maneno machafu kuhusu kifo cha baba. Sikio tena. Mfalme wa zamani alitiliwa sumu sikioni, Hamlet alipokea habari ya mauaji kwa sikio kutoka kwa mzuka, na Laertes anatiliwa maneno sikioni kwanza na wambea, kisha na Claudius mwenyewe. Tuliagana kuirudia safu hii kwa sababu hiyo: anayemletea mwana habari ya kifo ndiye anayeuelekeza mkono wake.

Soma Onyesho la 7 la Tendo la 4 kama mtu anayetazama mfanyabiashara kazini. Claudius anamtuliza Laertes, anamsifia ufundi wake wa upanga, halafu anauliza kwa upole: Laertes, baba yako ulimpenda? Au wewe ni picha ya huzuni, uso usio na moyo? Kisha: utafanya nini kuonyesha kwa tendo kwamba wewe ni mwana wa baba yako? Laertes anajibu atamkata koo kanisani. Linganisha na Hamlet mbele ya mtu aliyepiga magoti. Naye Claudius, ambaye uhai wake umeokolewa na sala aliyojaribu kuisali akashindwa, anakubali kwamba hakuna mahali patakatifu pa kumkinga muuaji na kwamba kisasi kisiwe na mipaka.

Mpango unakuwa na tabaka tatu: upanga usiofifishwa ncha, sumu kwenye ncha hiyo, na kikombe cha sumu. Wa pili ni wazo la Laertes, ambaye sumu hiyo alikwisha inunua kwa mwuza dawa wa mtaani. Kijana aliyekuja kudai haki ya baba aliyeuawa kwa njia isiyo wazi amekuwa mtia sumu kama aliyemwua baba wa mwenzake.

Na Ophelia? Aliyeuliwa baba ni yeye pia. Hana upanga, hana umati, hakuna anayemuuliza atafanya nini. Akili inamtoka, anaimba nyimbo za maziko, anagawa maua, na kabla ya kuondoka mara ya kwanza anasema, "Kaka yangu atalijua jambo hili." Dai lote aliloachiwa binti ni sentensi hiyo. Katika karatasi yenu mwongezeeni mstari wake, na muache safu ya silaha ikiwa tupu.

Hatua ya 9: Onyesho la mwisho, mstari kwa mstari

Kabla ya pigano Hamlet anasema juu ya Laertes kwamba katika sura ya kesi yake mwenyewe anaiona picha ya kesi ya yule. Ndiye pekee kati ya wanne anayewahi kumtazama mwingine na kujiona. Naye Laertes, akiwa na upanga wa sumu mkononi, ananong'ona kwamba jambo hili linakwenda karibu kinyume cha dhamiri yake. Dhamiri aliyoitupa shimoni imerudi, imechelewa kidogo tu.

Gertrude anakunywa kikombe. Laertes anamjeruhi Hamlet, panga zinabadilishana mikono, Hamlet anamjeruhi Laertes kwa sumu ile ile. Laertes anasema ameuawa kwa haki na hila yake mwenyewe, kisha anamtaja mfalme. Hamlet anamchoma Claudius na kumnywesha kikombe.

Sasa tafuta neno "baba" katika maneno anayomwambia Claudius wakati wa kumwua. Halimo. Anamwita mzinzi, mwuaji, mlaaniwa, na kumwambia amfuate mama yake. Hata mapema katika onyesho hilo, akiorodhesha makosa ya Claudius kwa Horatio, anasema amemwua "mfalme wangu". Kazi iliyoagizwa na mzuka inafanyika, lakini mzuka hayupo, na jina lake halitajwi. Anayemtaja baba ni Laertes, na si kwa kulipiza: anaomba wasameheane, kifo chake na cha baba yake visimwangukie Hamlet, wala cha Hamlet kisimwangukie yeye. Wana wawili wanafuta deni wenyewe, bila mfalme wala mzuka kuwaruhusu. Kwangu hapa ndipo kilele cha tanzia kilipo, zaidi ya kifo cha Claudius.

Ndipo Fortinbras anaingia, akitokea Polandi. Hamlet amempa kura yake ya kiti cha enzi kabla ya kukata roho. Fortinbras anasema ana haki za kukumbukwa katika ufalme huu. Mwana aliyeweka kisasi kando anapata zaidi ya alichokipoteza baba yake, bila kumpiga Mdenmaki hata mmoja. Rudini kwenye swali mliloliandika hatua ya 3, mjadiliane mpaka mchoke. Kama ni hekima au ni bahati ya mtu aliyefika wenye nyumba wamekwisha kuuana, matini inaruhusu yote mawili, na insha nzuri huchagua moja na kulitetea kwa mistari.

Hatua ya 10: Kuigiza mkiwa wachache

Kikundi cha watu wanane kinaweza kuubeba uzi wa kisasi kikigawa nafasi kwa akili. Mwigizaji wa Claudius acheze pia mzuka, ni ndugu, na wengi wamefanya hivyo. Wa Laertes acheze mwigizaji anayesimulia habari za Pyrrhus, kwa kuwa Laertes yuko Ufaransa wakati huo. Atakaporudi kwa hasira, watazamaji watakuwa wameshausikia mdomo huo ukisimulia kisasi. Wa Polonius avae maleba ya Fortinbras: anakufa Tendo la 3, anarudi Tendo la 4 akiwa na jeshi. Wa Ophelia anaweza kuwa mlinzi mwanzoni na Osric, mtu wa ikulu anayemletea Hamlet mwaliko wa pigano, mwishoni. Hamlet, Gertrude na Horatio wabaki walivyo, na wa nane achukue kapteni, mjumbe na kila anayebaki.

Maonyesho ya kubeba ni haya: la 1, la 2 na la 5 katika Tendo la 1, mapokezi ya wajumbe na simulizi ya Pyrrhus katika Tendo la 2, sala na pazia katika Tendo la 3, la 4, la 5 na la 7 katika Tendo la 4, na la mwisho kabisa.

Pigano lifanyieni mazoezi polepole kwa fimbo nyepesi, kwa hesabu, kabla ya kushika kitu kinachofanana na upanga. Kubadilishana panga ndiko kunakoharibika mara nyingi, na watazamaji wasipoiona hawataelewa kwa nini Laertes anakufa. Mfungieni upanga wenye sumu kitambaa cha rangi kwenye mpini, na mtazamaji wa kiti cha nyuma ataufuata unapohama mkono.

Muda ukiwabana, punguzeni nyimbo za Ophelia, mfupishe hotuba za Claudius kwa wajumbe, hata mchezo wa kumnasa mfalme msimulieni kwa kinywa cha Horatio. Msikate simulizi ya Pyrrhus, wala kile kimya upanga ukiwa juu, wala kuingia kwa Fortinbras. Na mwigizaji wa Fortinbras asiingie kwa ushindi. Aingie kama mgeni aliyekuta msiba, avuke katikati ya maiti akizitazama moja moja, kisha ndipo atoe amri ya Hamlet kubebwa na makapteni wanne.